Ruhusa ya Namkunda

Sogea karibu, mjukuu wangu, nikutegee kimoja kabla chai haijapoa. Nina mgeni barazani. Wenyeji wote wamechoka, wanasinzia, mpaka mbwa anapiga miayo, lakini yeye haagi. Ni nani?

Usiseme ni mchungaji. Kila ninayemtegea anasema mchungaji.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Ndivyo tulivyolelewa huku kwetu Upareni: anayeshindwa kitendawili anatoa mji, mtegaji anaupokea, halafu ndipo anatoa jibu. Hakuna jibu la bure, na hakuna kupokea mji wa mtu ukakaa na jibu moyoni. Mimi kwa kutegea watu nimeshapewa Tanga, nimepewa Arusha, Nairobi ndiyo usiseme, na sijawahi kulipa nauli.

Usiku wa jana niliota nimepewa mlima.

Lakini ngoja kwanza nikwambie nilichofuata huko, maana sikwenda kutembea.

Namkunda ni kitinda mimba wangu. Anafanya kazi Norwei, kaskazini kabisa, kwenye nyumba ya wageni iliyo peke yake mlimani, ambako kiangazi jua halizami hata kidogo. Anaosha vyombo na kutandika vitanda. Wageni wa huko ni watu wenye nyumba nzuri zenye joto. Wanaziacha, wanakuja kupanda mawe, kuvuka mito ya maji ya barafu kwa miguu, na kulala chini ndani ya mahema. Wanaita likizo. Namkunda aliwahi kunitumia picha yao, wamelowa mpaka shingoni, wanacheka.

Kiangazi cha mwaka jana baba yake akafariki. Namkunda akapiga simu analia. "Mama, wakubwa wamenikatalia ruhusa. Ni msimu wa wageni." Tukamzika Mzee Eliakimu bila yeye. Watoto wengine walipopita kutia udongo kaburini, mimi nilichota kiganja kimoja, zamu ya Namkunda, nikakifunga kwenye pindo la kanga. Nikasema atautia mwenyewe akija.

Hajaja. Tangu siku hiyo, kila jioni nikisali nawataja wale wakubwa wake. Majina siyajui, nasema tu "wale wa mlimani". Siombi wafe, mimi si mtu mbaya. Naomba wapewe jino. Lile la nyuma kabisa, linaloanza kuuma wakati wenzako wote wameshalala.

Sasa ndoto.

Niko jikoni kwangu, nakoroga makande. Nafungua mlango wa nyuma nimwage maji machafu. Migomba haipo. Ipo milima ya mawe matupu, na theluji imelala kwenye mikunjo yake kama unga uliomwagika, mwenyewe akakosa muda wa kuufagia. Hakuna mti hata mmoja. Baridi inanishika masikio kama mwalimu wa darasa la pili.

Namwaga maji. Yanaganda kabla hayajafika chini, yanabaki yamening'inia hapo kama mkia wa ng'ombe. Nageuka nirudi ndani. Jiko halipo. Nimebaki na mlango tu mkononi, nikauegemeza kwenye jiwe ili mwenyewe akija auone.

Karibu yangu kuna kibao cha mbao. Kikakohoa.

"Bibi, huku hairuhusiwi kutembea peke yako."

"Kwenu mtu mzima hasalimiwi?"

"Shikamoo. Hairuhusiwi kutembea peke yako."

"Marahaba. Na mimi niko peke yangu. Mzee wangu amefariki."

"Pole sana. Basi utafungwa kamba na aliyepo."

Aliyekuwepo ni kivuli changu. Kamba ikaja yenyewe ikatufunga viunoni, mimi na yeye. Jua la huko halipandi wala halishuki, linazunguka tu kwa pembeni, kwa hiyo na kivuli kikawa kinanizunguka kama mbuzi kwenye kigingi, na kila kikizunguka kamba inanibana.

"Unatembea polepole," kikaniambia.

"Magoti yangu ni ya zamani."

"Hata mimi natumia hayohayo, na silalamiki."

Nikavuta kamba, nikaendelea. Kugombana na kivuli chako mbele ya kibao cha watu ni aibu.

Tukafika mtoni. Amesimama hapo kulungu wa huko, mnyama mkubwa mwenye pembe kama mibuni iliyokauka, amevaa filimbi shingoni. Ndiye kiongozi wa wageni.

"Umejiandikisha mchezo gani?" akaniuliza. "Kuna kupanda, kuna kuvuka, kuna kuteleza, kuna kupotea."

"Kupotea nako ni mchezo?"

"Ndio unaopendwa kuliko yote. Umeshajaa."

"Mimi nimekuja kuuliza swali moja tu."

"Kuuliza hakumo."

"Na vitendawili je?"

Akatafuna kidogo, akafikiri, akasema vitendawili havijakatazwa, kwa sababu hakuna mgeni aliyewahi kuja navyo.

Nikamtegea hapohapo. "Nilipombeba hakuwa mzigo. Nilipomtua ndipo akawa mzito. Ni nani?"

"Pembe," akasema, hata sijamaliza.

"Si pembe."

"Bibi, mimi pembe nazijua. Kila mwaka zinaanguka."

"Na zikishaanguka zinakuwa nzito?"

Akajaribu kukumbuka. "Hapana. Zikianguka najiona mwepesi." Akainamisha kichwa. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Huku hakuna mji. Chukua mlima."

Nikaupokea. "Jibu ni mtoto," nikamwambia. Akanitazama muda mrefu bila kutafuna. Kisha akapuliza filimbi, mto ukasimama, tukapita, mimi na kivuli changu.

Kuwa na mlima si raha kama unavyodhani. Hatukufika mbali ukaanza kuniuliza, kutoka chini ya miguu yangu, tutakula nini usiku.

"Usiku wenu unaingia lini?" nikauliza.

"Hauingii."

"Basi hatuli."

Mlima ukanuna. Kutembea juu ya kitu kilichonuna kunachosha sana.

Nyumba yenyewe hiyo hapo, ya mbao, imepakwa rangi nyekundu, nyasi zimeota juu ya paa. Mlangoni namkuta mama mmoja mgeni anavua majaketi. Sheria ya huko ni kuvaa nguo juu ya nguo kwa ajili ya baridi, na huyu mama alikuwa ametii. Anavua la manjano, anavua la manyoya, anavua sweta, anavua sweta nyingine, na kila akivua anapungua. Alipomaliza alikuwa amebaki kama punje ya hindi. Punje ikaniambia kwa sauti nyembamba, "Sijawahi kupumzika hivi." Nikaisogeza ukutani isikanyagwe.

Ndani ya mlango kuna rafu ya viatu, imebeba mabuti ya kila namna.

"Viatu hapa," ikasema rafu.

Nikavua ndala. Kivuli changu nacho kikavua, kamba ikatufungua, kikabaki hapo na ndala.

"Na hicho kwenye kanga?"

"Hiki hakikuhusu."

"Nasikia harufu ya udongo. Udongo hauingii humu. Unachafua sakafu, watu wanapata kazi ya kufuta."

"Huu si wa kuchafua. Huu ni zamu ya mwanangu."

"Udongo ni udongo, Bibi."

Mjukuu wangu, nilitaka kuipiga teke. Lakini nimeshavua ndala, na rafu ni ya mti mgumu. Nikaitegea. "Maisha yangu yote namfukuza mwilini. Siku ya mwisho ndiye ananifunika. Ni nini?"

"Blanketi," ikasema rafu.

"Wewe huwa unafukuza blanketi?"

Mabuti yakacheka, ndimi zote nje. Rafu ikaona haya. "Nimeshindwa. Na mji sina. Chukua nyumba."

"Jibu ni udongo," nikasema. "Na kwa kuwa nyumba ni yangu, unaingia."

Nikaingia nao.

Sebuleni wageni wakasimama wote. Habari ilishawafikia. Mmoja, baba mrefu mwenye ndevu nyekundu, akanisogelea kwa adabu.

"Mama mwenye nyumba, leo tunateseka na nini?"

"Kwa nini mteseke?"

"Tumekuja kwa ajili hiyo."

Nikafikiri. "Haya, ninyi mkachote maji kule mtoni, mje nayo kichwani. Ninyi mkapasue kuni. Mkirudi mtapukuchua mahindi, na atakayemwaga punje nitamwona."

Wakapiga makofi. Mwenye ndevu alitokwa na machozi, akasema hiki ndicho alichokuwa anakitafuta maisha yake yote. Nikabaki nashangaa. Kumbe mimi niko likizo tangu utotoni na hakuna aliyeniambia.

"Mkubwa wa hapa yuko wapi?" nikawauliza wakati wanagombania ndoo.

Wakanionyesha baraza.

Barazani, kwenye kiti kikubwa cha kuegemea, limeketi Jua. Limekunja nne, linakunywa kahawa. Wapishi wamesimama pembeni yake, wamelala hivyohivyo wamesimama, na mbwa anapiga miayo. Ndiye yule mgeni niliyekutegea, mjukuu wangu. Jibu hilo nimekupa bure kwa sababu ni wewe.

Sikulisalimia. "Ni wewe uliyemnyima mwanangu ruhusa ya kuja kumzika baba yake?"

Jua likatua kikombe. "Mama yangu, mimi simnyimi mtu kitu. Mimi nakaa tu."

"Ukikaa watu hawapumziki."

"Hilo kweli. Wamejiwekea sheria kwamba kazi inaisha jua likizama."

"Na wewe huzami."

"Nitazamaje, na kahawa haijaisha?"

"Sasa anayetoa ruhusa hapa ni nani?"

"Mwenye nyumba."

"Nipeleke kwa mwenye nyumba."

Jua likanitazama kwa huruma, nikasikia joto mpaka kwenye mashavu. "Si umeichukua sasa hivi kwa rafu ya viatu?"

Hapohapo jino la nyuma likaanza kuniuma.

Nikalishika shavu, lakini sitakuficha, nilifurahi. Mwaka mzima nimewachukia watu nisiowajua, na kumbe ruhusa yenyewe sasa ninayo mimi. Hakuna wa kumbembeleza. Nikakaza kanga, nikashika njia ya jikoni, naumwa jino na nacheka.

Jiko la huko ni refu kuliko kanisa letu. Sahani zimepangwa foleni, zinajisogeza zenyewe, kila moja ikioshwa inasema asante. Mwisho wa foleni namwona Namkunda wangu, amenipa mgongo, mikono imezama kwenye povu mpaka viwikoni. Amekonda. Shingo yake naijua, ni ya baba yake.

"Namkunda."

"Shikamoo, mama." Hakugeuka.

"Marahaba, mwanangu. Geuka nikuone."

"Nikigeuka zitarundikana, mama."

"Acha zirundikane! Nyumba yangu hii. Sahani zangu, hata hilo povu ni langu. Nakupa ruhusa. Vua aproni, twende ukamtie baba yako udongo."

Sahani zikanyamaza. Bomba likaacha kutiririka. Nikaangalia pande zote mwenyewe, kuhakikisha. Mlango uko wazi. Nje mlima wangu umepiga magoti, tayari kutubeba. Jua lilichungulia dirishani na kikombe chake, likasema, "Mwache aende." Hakikubaki kitu chochote kati ya mwanangu na nyumbani.

Namkunda akachukua sahani nyingine.

"Hii tu, mama."

Akaiosha. Akachukua nyingine. "Hii tu."

"Dada, mimi ni safi," sahani ikamwambia. "Umeniosha tayari."

Akaiosha tena.

Nikafungua pindo la kanga. "Basi nipe mkono. Kama huwezi kwenda, uushike tu. Mimi nitaurudisha nikuwekee pale."

Akanyoosha mkono, bado hajageuka sawasawa, mkono umejaa povu. Nikamimina. Udongo ukateleza kati ya vidole vyake, wote, ukaanguka chini. Udongo mwekundu wa kwetu kwenye sakafu nyeupe ya watu.

Tukautazama. Kabla sijainama, yeye alikuwa ameshashika tambara.

Akaufuta. Mwanangu ni mchapakazi, hilo nilimfundisha mwenyewe. Alifuta kwenye pembe, akafuta chini ya meza, akasuuza tambara, akakamua, akafuta tena mpaka pakang'aa, akamwaga maji. Ndipo akaona alichokifanya. Akabaki amesimama na ndoo tupu.

Sikumgombeza. Nilimuuliza tu, tena swali ambalo sijawahi kumuuliza hata siku moja kwenye simu, kwa sababu kwenye simu alikuwa analia na mimi nalia.

"Namkunda. Ni nani aliyekunyima ruhusa?"

Akaigeuza ndoo, akaikung'uta.

Wageni walikuwa wamerudi, wamesimama mlangoni na ndoo vichwani. Kulungu akaingiza kichwa dirishani, pembe zikakwama. Rafu nayo ilikuja, imebeba mabuti yake.

"Kitendawili!" akasema kulungu. "Pembe?"

"Blanketi," ikasema rafu.

"Nyamazeni," nikawaambia. "Simtegei. Namuuliza mwanangu."

Lakini Namkunda alishasikia. Akalidaka neno la kulungu kama mtu aliyetupiwa kamba.

"Nimeshindwa, mama," akasema, macho kwenye ndoo. "Chukua mji."

"Sitaki mji, Namkunda."

"Ndiyo desturi. Umetulea hivyo. Chukua Vudee."

Vudee ndiko nilikomzaa. Ndiko nyumba iliko, na migomba, na shule aliyosoma, na kaburi. Akanipa yote kwa mara moja, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

Nikapokea. Ningefanyaje? Mkono ulikuwa bado umenyooka.

Wote wakanigeukia. "Haya, Bibi, jibu," akasema kulungu. "Umeshapewa mji."

Nikafungua mdomo. Mjukuu wangu, tangu nizaliwe sijawahi kutega nisichokijua. Wananisubiri. Maji yanawadondoka wale wageni mabegani na hakuna anayeyatua. Namtazama Namkunda anipe japo herufi moja, na yeye anatazama sakafu jinsi inavyong'aa.

Jua likamaliza kahawa. Likasimama, likajinyoosha, likaweka kikombe kwenye ukingo wa dirisha.

"Haya jamani," likasema, "mimi naaga."

Likazama. Giza likaingia mara moja, kama mtu aliyefunika chungu.

Nikaamka.

Kumepambazuka. Niko kitandani kwangu, kuku wa jirani wanagombana uani, na kutoka dirishani naona kila mgomba mahali pake. Nikajiambia ni makande, niliyala yakiwa ya moto. Nikashusha miguu, natafuta ndala kwa vidole. Simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Namkunda. Mbona alfajiri hivi? Kwema?"

"Kwema."

Nasikia maji yanatiririka huko kwake. Halafu nasikia anayafunga.

"Hakuna, mama," akasema.

"Hakuna nini, mwanangu?"

"Hakuna aliyeninyima. Sikuomba."